Mitandao ya Kompyuta: Kutafuta Hitilafu ya Muunganisho Nyumbani

Katika mada zilizotangulia umesoma aina za mitandao, vifaa vyake na topolojia. Sasa tunafika mahali elimu hiyo inapotumika: vifaa vyote vipo, taa zinawaka, lakini tovuti haifunguki. Swali la eneo hili halikutaki ukariri maana ya ruta. Linataka ueleze hitilafu iko wapi, umeijuaje, na utafanya nini. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini hoja ukishaielewa vizuri kwa Kiswahili, kuihamisha ni kazi ndogo.

Na jambo lenyewe si la chumba cha mtihani peke yake. Matokeo ya Kidato cha Nne yakishatoka, OR-TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform ili mhitimu aweze kubadilisha tahasusi na shule alizochagua. Dirisha hilo lina siku ya mwisho. Mhitimu aliyeko Kabuku au Mashewa, ambaye intaneti imemgomea jioni ya siku hiyo, hana muda wa kubahatisha. Akinunua bando jipya wakati tatizo ni kebo, fedha imekwenda na tovuti bado haifunguki.

Kanuni ya kushika

Chukulia umetuma mzigo kwa basi kutoka Mkata kwenda Korogwe, na haujafika. Hutaanza kwa kumlaumu dereva. Utauliza wakala wa Mkata: ulipakiwa? Ndiyo. Kabuku, mzigo ulionekana ndani ya basi? Ndiyo. Segera, kwenye njia panda? Hapana. Basi umeshajua: mzigo umepotelea kati ya Kabuku na Segera. Hakuna haja ya kwenda kuupekua stendi ya Korogwe.

Mtandao hutafutwa vivyo hivyo. Anza karibu, nenda mbali, kituo kwa kituo. Hitilafu iko kati ya kituo cha mwisho kilichojibu na kituo cha kwanza kilichonyamaza. Ukiandika sentensi hiyo katika jibu lako, kisha ukaonyesha jinsi ya kuitumia, umeshaeleza njia ya kitaalamu ya kutafuta hitilafu.

Vituo vya mtandao wa nyumbani ni vichache. Cha kwanza ni kompyuta yenyewe pamoja na kadi yake ya mtandao. Cha pili ni ruta, inayofikiwa kwa waifai au kwa kebo. Cha tatu ni mtoa huduma, ambaye katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe anafikiwa kupitia mnara wa simu, kwa kuwa ruta hutumia laini. Cha nne ni seva ya tovuti unayoitaka. Kabla ya kufika hapo kuna kazi ya kutafuta jina, ambayo tutaieleza mbele.

Waifai si intaneti

Hili tulisimamie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapojikwaa. Alama ya waifai kwenye kompyuta au simu inasema jambo moja tu: umeunganishwa na ruta. Haisemi kwamba ruta imeunganishwa na dunia. Unaweza kuwa na alama iliyojaa kabisa huku bando limeisha tangu asubuhi. Kinyume chake pia ni kweli: ruta inaweza kuwa na intaneti nzuri kabisa, lakini kompyuta iliyoko chumba cha nyuma, kuta tatu kutoka hapo, haiipati.

Kwa lugha ya darasani, waifai ni sehemu ya LAN, yaani mtandao wa eneo dogo. Intaneti inaanzia upande wa pili wa ruta. Ruta ni mlango kati ya mitandao miwili, ndiyo maana kompyuta huiita lango.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza nyumbani si “kwa nini hakuna intaneti?” bali “je, kifaa kingine kwenye waifai hii kinapata?” Kama simu ya mama inafungua tovuti na kompyuta yako haifungui, ruta na mnara havina kosa, shughulika na kompyuta. Hakikisha tu kwamba simu hiyo haitumii bando lake yenyewe wakati wa kipimo. Zima data ya simu kwanza, ibaki na waifai peke yake, ndipo ujaribu.

Vipimo vinne

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Andika ipconfig. Utaona mistari mingi, lakini wewe tafuta miwili: anwani ya IPv4 ya kompyuta yako, na mstari ulioandikwa Default Gateway, yaani anwani ya lango. Tuseme anwani yako ni 192.168.1.5 na lango ni 192.168.1.1. Sasa pima kwa mpangilio huu.

Kwanza, ping 127.0.0.1. Hii ni anwani ya kompyuta kujisemesha yenyewe. Ujumbe hautoki nje kabisa. Ikijibu, programu za mtandao ndani ya kompyuta ni nzima. Ni nadra kipimo hiki kushindwa.

Pili, ping 192.168.1.1, yaani lango lako. Ikijibu, waifai au kebo inafanya kazi hadi kwenye ruta. Muda wa jibu kwa kawaida ni milisekunde chache.

Tatu, ping 8.8.8.8. Hii ni seva ya Google ya majina, iliyoko nje ya nyumba yako. Ikijibu, ujumbe umevuka ruta, umepita kwa mtoa huduma na kurudi. Intaneti ipo.

Nne, ping necta.go.tz. Hapa umetumia jina badala ya namba. Angalia jambo moja kwa makini: je, kompyuta imeonyesha anwani ya IP pembeni ya jina? Kama imeonyesha, kazi ya kutafsiri jina imefanikiwa, hata kama majibu hayakuja. Seva nyingi zimewekewa ukuta wa kinga unaozuia ping kwa makusudi, hivyo tovuti inaweza kunyamaza kwenye ping na bado ikafunguka vizuri kwenye kivinjari. Mtahiniwa anayesema “ping imeshindwa, kwa hiyo tovuti imekufa” amekwenda mbali kuliko ushahidi alionao.

Kwa kawaida Windows hutuma pakiti nne na kutoa hesabu. Zikirudi tatu, iliyopotea ni moja kati ya nne, sawa na asilimia 25. Upotevu wa namna hiyo kwenye kipimo cha pili, yaani kati yako na ruta iliyo ndani ya nyumba, ni dalili ya waifai dhaifu au kebo iliyolegea. Rudia kipimo mara mbili tatu kabla ya kuamua.

Kompyuta inapojipa anwani yenyewe

Wakati mwingine ipconfig itaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona, simama hapo, usiendelee na vipimo vingine. Maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani kwa itifaki ya DHCP, haikujibiwa, ikajichagulia yenyewe. Kwa anwani hiyo haiwezi kutoka nje ya nyumba.

Kwa kawaida mgawaji wa anwani nyumbani ni ruta. Kwa hiyo angalia: ruta imewaka? Kebo imeingia mpaka ikalia “tik”? Kijino cha plastiki kwenye plagi ya RJ45 kikivunjika, kebo hubaki inaning’inia, inashika na kuachia kila meza ikitikiswa. Kebo yenyewe ina nyaya nane katika jozi nne, na umbali wake wa juu ni mita 100, lakini nyumbani inaharibika zaidi kwa kukanyagwa na mlango kuliko kwa urefu. Baada ya kurekebisha, andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew, na kompyuta itaomba anwani upya.

Kuna hali inayofanana na hiyo: vifaa viwili kupewa anwani moja, hasa pale mtu alipoandika anwani kwa mkono kwenye kompyuta. Kifaa kimoja au vyote viwili huwa vinapata na kukosa mtandao kwa zamu. Dawa ni kurudisha kompyuta kwenye kupokea anwani kutoka kwa ruta.

Ruta ya laini hutazama pande mbili

Vitabu vingi huchora ruta iliyounganishwa kwa waya unaoingia kutoka nje ukutani. Nyumba nyingi za kwetu hazina waya huo. Ruta ina laini ndani, na inafanya mawasiliano ya redio mara mbili: upande mmoja inazungumza na mnara, upande wa pili inazungumza na vifaa vya nyumbani kwa waifai. Pande hizo mbili hazitaki mahali pamoja. Mnara unataka ruta iwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Waifai inataka ruta iwe katikati ya nyumba.

Ukiulizwa uchague, anza na mnara. Bila mnara hakuna cha kugawa. Waifai dhaifu unaweza kuifuata kwa kusogeza kompyuta. Paa la bati huakisi mawimbi ya redio, kwa hiyo ruta iliyowekwa darini chini ya bati haipati nafuu, na juu ya hapo inachemka mchana. Tangi la maji, friji na mlango wa chuma navyo hupunguza mawimbi. Vijiji vya milima ya Usambara upande wa Korogwe, kama Bungu na Vugiri, vina tatizo la ziada: ukingo wa mlima ukisimama kati ya nyumba na mnara, chumba kimoja kinaweza kupata mawimbi na cha pili kisipate. Hapo zunguka na simu yenye laini ya mtandao uleule, uone dirisha lipi lina nguvu, kisha uhamishie ruta hapo.

Ruta nyingi hutoa waifai kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi. Ya 5 ina kasi zaidi lakini huchoka mapema. Kwa chumba cha nyuma chagua 2.4.

Kipimo cha pili kikijibu na cha tatu kikanyamaza, orodha ya washukiwa ni fupi: bando limeisha, laini imelegea au imefungiwa, taa ya mnara kwenye ruta haijawaka ipasavyo, au mpangilio wa APN umepotea. Bando liangalie kwanza kwa sababu ni rahisi kuliangalia. Kisha zima ruta, chomoa, subiri nusu dakika, washa na uipe dakika mbili tatu iusake mnara.

Zingatia tofauti hii, maana imewagharimu wengi: kuwasha upya si sawa na kufuta mipangilio. Kitundu kidogo nyuma ya ruta, kinachobonyezwa kwa sindano au kijiti, hurudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Jina la waifai, nywila na APN vinapotea vyote. Anayekibonyeza bila kujua APN ya mtandao wake anaweza kugeuza tatizo la dakika tano kuwa tatizo la siku mbili.

Namba inajibu, jina halijibu

8.8.8.8 imejibu, lakini kompyuta inasema haimjui necta.go.tz. Intaneti ipo, kilichokwama ni DNS, mfumo unaobadilisha majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Ni kama kuwa na salio la simu na mtandao mzuri, ila namba ya mjomba huna.

Kagua kwanza tahajia ya jina. Inaonekana jambo dogo, lakini herufi moja inatosha. Kisha andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani iliyoyahifadhi. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya mtandao na uweke seva ya majina kwa mkono: 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare.

Kila kitu kinajibu, tovuti inakataa

Hii ni hitilafu ambayo hata mafundi huipita. Vipimo vyote vinne ni safi, lakini kivinjari kinatoa onyo kwamba muunganisho si salama, na kinafanya hivyo kwa karibu kila tovuti. Tazama saa na tarehe ya kompyuta kwenye kona ya chini.

Tovuti inayoanza na https huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kompyuta ya mezani ya zamani hutunza saa kwa betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, mara nyingi ya aina ya CR2032 yenye volti 3. Betri ikifa, umeme ukikatika tu saa inarudi nyuma miaka mingi. Kwa kompyuta hiyo, cheti cha leo ni cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, hivyo kivinjari kinakikataa. Weka tarehe sahihi na tovuti zitafunguka palepale. Betri ibadilishwe, vinginevyo umeme ukikatika kesho tatizo litarudi.

Hitilafu iliyo nje ya uwezo wako

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora Tanzania na katika nchi jirani baada ya nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, kupata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mtu aliyekuwa Chanika siku hiyo angeona ruta inajibu vizuri, na anwani za nje zinajibu kwa kuchelewa sana au hazijibu. Tovuti iliyohifadhiwa kwenye seva ndani ya nchi inaweza kuendelea kufunguka wakati kama huo, kwa kuwa ujumbe wake hauhitaji kupita baharini.

Hapo kazi ya vipimo ni kukuzuia. Ruta yako ni nzima, laini ni nzima. Usibonyeze kitundu, usibadilishe laini. Linganisha na laini ya kampuni nyingine. Ikiwa na hiyo inasumbua kwa namna ileile, subiri au wasiliana na mtoa huduma.

Kasi: usichanganye biti na baiti

Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti kwa sekunde. Ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8.

Mfano: faili la mitihani iliyopita lina megabaiti 30. Kasi ya mtandao ni megabiti 4 kwa sekunde. Litapakuliwa kwa muda gani?

Megabaiti 30 × 8 = megabiti 240.
240 ÷ 4 = sekunde 60, yaani dakika moja.

Anayesahau kuzidisha kwa 8 hupata sekunde 7.5 na kudhani mtandao wake unaibiwa. Kwa vitendo muda huwa mrefu zaidi ya hesabu, hasa jioni ambapo watu wengi hutumia mnara mmoja. Lakini ukiona kasi imeshuka ghafla na bando linakwisha haraka kuliko kawaida, ingia kwenye ukurasa wa ruta, uhesabu vifaa vilivyounganishwa. Kama ni vingi kuliko vya nyumbani, badilisha nywila.

Swali la mfano

Familia moja ya Manundu, Korogwe, ina ruta ya laini na kompyuta moja ya mezani iliyounganishwa kwa kebo. Tovuti hazifunguki. Mwanafunzi amepima akapata: 127.0.0.1 imejibu, lango 192.168.8.1 limejibu, 8.8.8.8 haikujibu, pakiti zote nne zimepotea. (a) Hitilafu iko sehemu gani? (b) Toa sababu mbili zinazowezekana. (c) Eleza kwa nini kubadilisha kebo hakutasaidia.

Jibu: (a) Iko kati ya ruta na mtandao wa nje, kwa kuwa lango ndilo la mwisho kujibu na anwani ya nje ndiyo ya kwanza kunyamaza. (b) Bando kuisha. Ruta kutopata mawimbi ya mnara. Sababu kama laini kulegea au APN kupotea nazo zinakubalika. (c) Lango limejibu kupitia kebo hiyohiyo, kwa hiyo kebo inapitisha ujumbe.

Angalia kwamba kila jibu limeegemea kipimo kilichotajwa kwenye swali. Mtahiniwa akiandika “aite fundi” au “awashe upya kompyuta” bila kutaja kipimo, hajajibu (a) wala (c).

Zoezi

1. Kompyuta ya Handeni imeonyesha anwani 169.254.20.7. Eleza kilichotokea, na utaje vitu viwili utakavyokagua kabla ya kuandika amri yoyote.

2. Simu iliyozimwa data inafungua tovuti kwa waifai ya nyumbani, lakini kompyuta mpakato iliyo meza hiyohiyo haifungui. Vituo gani viwili umeviondoa kwenye orodha ya washukiwa? Kwa nini?

3. Amri ya ping kwa jina la tovuti imeonyesha anwani ya IP, lakini pakiti zote zimepotea. Tovuti hiyo inafunguka kwenye kivinjari. Eleza inawezekanaje.

4. Video ya somo ina megabaiti 90 na imepakuliwa kwa dakika 2. Tafuta wastani wa kasi kwa megabiti kwa sekunde.

5. Nyumba ina mnara upande wa mashariki, na chumba cha kusomea kiko magharibi. Ruta ni ya laini. Utaiweka wapi, na chumba cha kusomea utakihudumia vipi? Tetea uamuzi wako kwa hoja tatu.